Kupigwa Bila Mpira

Aliyenipigia simu kuniambia kwamba Kocha Hennie amerudi Johannesburg alikuwa Dido mwenyewe, na hilo ndilo lililoniudhi kabla ya mengine yote. Nilikuwa dukani kwangu Kensington, ninapouzia vipuri vya magari, mteja amesimama mbele yangu na pampu ya maji iliyokufa mkononi. "Yaya," Dido akasema, jinsi kwao wanavyomwita kaka, kwa sauti ya mtu mwenye habari za harusi, "Hennie anarudia. Anatuita bote pale Newtown, Jumamosi. Utakuya?" Nikamwambia nina kazi. Akasema kazi nitaikuta Jumatatu. Nikamwuliza kama amesahau yaliyompata. "Ile bilisha kupita," akasema, "na mi nataka kuona video." Tangu tukiwa vijana mpaka mvi zimetuingia, hakuna kati yetu aliyewahi kuiona video ile. Kila ninapopita kwenye duka lake la ushonaji kule Rosettenville nikamkuta anateremsha suruali ya mteja kwa mti wenye msumari, kwa sababu mkono wake wa kulia hauinuki kupita kifua, mimi huukumbuka mwaka ule na hasira hunipanda upya. Yeye hana hasira. Nimekasirika kwa niaba yake mpaka nimechoka, na mteja wangu wa pampu siku hiyo alijibiwa vibaya bila kosa lolote.

Nieleze mchezo wenyewe, maana watu wa kwetu nikiwaambia kwamba nilicheza mpira chuoni hufikiri ni huu wa miguu. Ulikuwa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mpira uliochongoka pande mbili, na katika nchi inayoishi kwa soka na raga sisi tulikuwa kichekesho. Chuo chetu kilikuwa kidogo, cha ufundi, na siku hizi kimekwisha kufungwa. Hennie alikuwa amesoma Marekani, akarudi na maboksi ya helmeti na vikinga mabega vilivyochoka, na ndani ya kila helmeti mlikuwa na jina la kijana wa huko, limeandikwa kwa wino mzito. Yangu ilikuwa ya Kyle. Ya Dido ilikuwa ya mtu aitwaye Brandon. Tukawa tunaitana hivyo kwa utani, Kyle wa Tanga na Brandon wa Lubumbashi, na wenzetu Wazulu hawakuelewa tunachekea nini. Sasa, katika mchezo huo yupo mtu mmoja ambaye kila shambulio huanzia mikononi mwake. Wamarekani humwita kwotabeki. Kwa kawaida husimama nyuma ya majitu yanayomlinda, akatafuta mtu wa kumrushia mpira. Dido hakuwa mrushaji. Mpira wake ulikwenda unakotaka wenyewe. Lakini alikuwa na miguu, na Hennie alipoiona miguu ile siku ya kwanza alivua kofia yake akaishika kifuani. "Huyu nitamtumia," alisema. Nilidhani ni sifa, na Dido alidhani hivyo pia, kwa sababu alirudi nyumbani akimsimulia mama yake huku anaruka ruka mlangoni.

Namna ya kumtumia ilikuwa hii. Mimi nilisimama ubavuni mwa Dido. Shambulio likianza, aliusukuma mpira tumboni mwangu, nami nikaukumbatia nusu, na kwa pumzi moja tu mpira ulikuwa wa sisi wote wawili. Mbele yetu, adui mmoja aliachwa makusudi bila kuzuiwa na mtu, yule wa mwisho wa mstari. Dido alimtazama yeye peke yake. Adui akinifuata mimi, Dido aliuvuta mpira akakimbia nao kwa nje. Akimngojea Dido, mpira ulibaki kwangu, nikapita katikati. Kwa hiyo mtu mzima wa upande wa pili alishindwa kwa kutazamwa tu, hakuna aliyemgusa. Ukichezwa vizuri ni mchezo mtamu kuutazama, sikatai. Mwanzoni lakini tulikuwa balaa: yeye anavuta, mimi ninang'ang'ania, mpira chini. Basi tukajitungia njia yetu. Mpira ukinigusa tumboni Dido alisema neno moja la Kiswahili. Akisema "Kamata," ulikuwa wangu. Akisema "Acha," alikuwa anaondoka nao. Nani uwanjani angejua? Watu walisema Kizulu, Kisotho, Kiingereza, Kiafrikana. Kiswahili kilikuwa cha uani kwetu na cha sufuria la Mama Dido. Hennie alipotusikia alicheka, akasema tuendelee hivyo hivyo, hakuna timu nyingine nchini yenye siri kama hiyo.

Uani kwetu, ninaposema, ni ua wa mjane mmoja wa Kireno pale Rosettenville, Dona Lurdes, aliyekuwa akichoma dagaa wakubwa kila Jumapili na kututazama tukimeza mate. Mimi nilipanga chumba kimoja cha nyuma, Dido na mama yake chumba cha pili, ukuta kwa ukuta. Mama Dido alikuwa msusi. Chumba chao kilikuwa saluni mchana, jiko jioni, na meshi zake za kusukia, nyeusi na za kahawia na nyekundu, zilining'inia kwenye misumari juu ya kitanda cha Dido, hivyo kwamba kila asubuhi aliamka na unywele wa mtu mwingine usoni. Kulikuwa na hita ya mafuta ya taa iliyonuka, kiti cha plastiki cha wateja, na meza ambayo ilibidi ivutwe ili mlango ufunguke. Nilikula humo karibu kila siku. Mama aliniita Amisi, jina langu likikatwa kichwa, na mimi niliacha kumsahihisha. "Kula, papa, bukari inapola," angesema, akimaanisha ugali, na tungebishana kama mboga iliyo mbele yetu ni sombe au kisamvu mpaka ipoe kweli. Yeye na mwanawe walikuwa Wakristo wa kusali kwa ngoma na jasho, lakini kuku wa chungu chao alinunuliwa kwa mchinjaji wa Kiislamu kwa ajili yangu. Hakuwahi kuniambia. Niliona tu mfuko wa duka lile siku moja nilipotumwa kutupa taka, na sikujua pa kuiweka shukrani yangu.

Dido alipopata viatu vya mchezo vya mtumba visivyo na kamba, Mama alichukua meshi nyekundu akazisokota, akazifunga mwisho kwa moto wa kiberiti kama anavyofunga suka, akampa. Dido aliona haya. Alisema watamcheka. "Bote mukivaa ile masufuria ku kichwa, mi sijue wangu ni nani," Mama akamwambia. "Na hii nitakuona toka mbali." Akazivaa. Walimcheka kwa wiki nzima, kisha wakazoea.

Na kulikuwa na ahadi. Hennie alikuwa na rafiki yake kocha katika chuo kimoja Marekani, naye alisema wazi mbele ya timu nzima kwamba mechi ya mwisho ya msimu itapigwa video, na video itatumwa huko, ili wamwone Dido. Wakimpenda, angepata nafasi ya kusoma na kucheza. Ahadi ile ilihamia katika chumba chao kama mpangaji mpya. Nililala nikiisikia ukutani. Akina mama wa kanisa walikuja kusukwa, na sauti ya Mama Dido ilipita kwenye ukuta mwembamba: "Mutoto wangu ataenda ku Amerika, bamama. Juu ya miguu yake." Kwake "juu ya" ni "kwa sababu ya". Mmoja akauliza makaratasi je. "Kocha atapanga yote." Na siku moja, nikiwa bafuni mwa chumba cha kubadilishia nguo, nilimsikia Hennie akizungumza kwa simu na huyo rafiki. "Anapigwa, anainuka," alikuwa akisema. "Ukimwambia akimbie mpaka ukutani, atakimbia. Na mchezo wenyewe nimeuchora mimi, utaona." Nilikwenda mbio kumpelekea Dido maneno yale yote. Tulifurahi sana. Mama aliongeza mafuta kwenye chungu usiku huo, na mimi ninapoyarudia maneno yale leo hushangaa tulivyoweza kuyasikia na kula.

Mechi ya mwisho ilichezwa Jumapili moja ya baridi kavu, nyasi za uwanja zimegeuka manjano, moshi wa nyika iliyoungua umelala juu ya nyumba. Wageni walitoka Pretoria. Mtu wao wa mwisho wa mstari, yule tuliyekuwa tukimwacha bila kuzuiwa, alikuwa kijana mpana aliyeitwa Bongani, na aliwapigia wenzake kelele kwa Kizulu safi cha mjini. Kipindi cha kwanza tuliumbuka. Dido akisema "Acha," Bongani amekwisha kumfikia. Akisema "Kamata," amekwisha kuniangukia mimi. Tulilaumiana kwamba mwenzangu ni mzito, mwenzangu amechelewa. Halafu, tukimngoja mwamuzi apime jambo fulani, Dido alimtazama Bongani, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yaya, ona, kamba ya kiatu yake inafunguka." Bongani akatazama kiatu chake. Kamba ilikuwa imefungwa vizuri. Alipoinua kichwa alitukuta sote wawili tunamkodolea macho, akatabasamu kwa haya. Akatuambia kwa Kiingereza kwamba mama yake ni wa Bujumbura, na nyumbani huwagombeza kwa lugha hiyo. Kuisema hawezi, lakini anaielewa yote. Jiji hili limejaa watoto wa namna ile, na binti yangu mwenyewe sasa ni mmoja wao, nikimwita kwa Kiswahili hunijibu kwa Kizulu. Lakini sisi wakati ule tulijihesabu wageni, na mgeni hudhani lugha yake inaishia mlangoni kwake. Haikutupitia kichwani kwamba wageni wenzetu wamekwisha kuzaa.

Wakati wa mapumziko, tukila machungwa yaliyokatwa vipande, nilimwambia Hennie tuyaache maneno, turudi kwenye kumtazama adui tu. Alitafuna polepole. Akatikisa kichwa. "Hapana. Mnaendelea. Dido, kila mara sema neno la kubaki na mpira. Na kila mara mwachie yeye." Akanionyesha mimi kwa ganda la chungwa. Bongani angesikia, angemfuata Dido, nami ningepita. Hakuna kutazama tena, hakuna kuchagua. Kisha akaongeza kwamba Dido asilale chini. Ni lazima nieleze hapa kuwa katika mchezo ule kwotabeki anayekimbia anaruhusiwa kujitelezesha chini kwa matako, miguu mbele, na akishafanya hivyo hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Ndiyo kinga yake pekee. "Ukilala mapema atajua huna kitu," Hennie akasema. "Kimbia kama unao mpaka akufikie." Nikauliza, yaani apigwe bila mpira? Hennie hakukasirika. Alinieleza kwa upole, kama mwalimu, kwamba sheria inaruhusu; anayejifanya ana mpira hupigwa sawasawa na aliye nao. Dido aliuliza swali moja tu. "Video bado inapigwa?" Sote tukatazama juu ya paa la kontena, alipokaa mwanafunzi mmoja na kamera. "Inapigwa," Hennie akasema. "Sharp," Dido akajibu, neno la mtaani la kukubali, akavaa helmeti ya Brandon.

Nilikimbia vizuri siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu. "Acha," Dido alisema, na mpira ukabaki tumboni mwangu, na mbele yangu kulikuwa kweupe. Nyuma yangu nilisikia kishindo cha plastiki kwa plastiki, kisha pumzi ya mtu ikitoka. Nikafunga. Tukarudia. "Acha," kishindo, kweupe. Watu wote walikuwa wakinishangilia mimi. Mama Dido alikuwa amefika kutoka kanisani, na kitenge chake na sweta juu, akasimama kwenye uzio, na katika umati ule yeye peke yake hakuwa akiutazama mpira. Alikuwa ameshazipata kamba zake nyekundu na macho yake yalizifuata. Nilipokwenda uzioni kunywa maji alinishika mkono kupitia waya. "Amisi. Mupira iko kwako. Juu ya nini banapiga wangu?" Nikamwambia, Mama, ndiyo sheria ya mchezo. "Sheria ya nani?" akauliza. Nilikuwa nimeitwa uwanjani, nikaenda, na mpaka tulipomzika, katika makaburi ya mji huu ambao hakuupenda, sikuwa nimelipata jibu la kumpa.

Kila mara Dido aliinuka polepole zaidi. Mara ya mwisho hakuinuka. Bega lilikuwa limeshuka, mkono umekaa mahali ambapo mkono haukai, naye hakulia, alikuwa akipumua kwa mdomo tu na kutazama juu ya kontena. Aliyepiga kelele kuita msaada alikuwa Bongani. Alipiga magoti, akatafuta kichwani mwake lugha ya mama yake, na maneno aliyoyapata yalikuwa mawili. "Pole, ndugu," alisema, kwa lafudhi mbaya sana. Tulishinda mechi ile. Sikumbuki nani alinibeba begani.

Hennie hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua. Alimpeleka Dido hospitali kwa gari lake mwenyewe, akakaa naye, akaleta machungwa, akamwita mwanangu. Waganga walifanya walichoweza. Bega likapona kama linavyopona bega lililovunjika vile, nusu. Na video ilikuwa imekwenda. Tukangoja. Simu ya Dona Lurdes ikilia jikoni kwake Dido alisimama, mkono kwenye kitambaa, hadi sauti ya Kireno imwambie akae. Alikuwa na hesabu zake: chuo cha huko kina madaktari wazuri, watamtengeneza, kwanza wamwone tu. "Bakiniona, bilisha," alikuwa akisema, yaani mambo yameisha. Baridi ikaisha, mvua za kwanza zikanyesha, na jioni moja Hennie akaja uani kwetu mwenyewe. Mama akamvutia kiti cha wateja, akampakulia bukari na samaki, kwa sababu ni mgeni. Akala kidogo kwa uma, akaweka uma chini. Alisema rafiki yake ameitazama video, ameirudia, amewaonyesha wakubwa zake. Wameupenda sana ule mchezo. Hawajawahi kuona mtu akiutumia udanganyifu kwa ujasiri ule. Wanamtaka. Dido aliinuka nusu. "Wananitaka mimi," Hennie akasema, akitazama sahani. "Nikawafundishie kwotabeki wao wanaokimbia." Alilia, tena machozi ya kweli, akasema akifika atamwita Dido. Alipiga simu mara chache mwaka uliofuata, kisha hakupiga tena. Usiku ule alipoondoka, Mama aliosha vyombo, akavifuta, na sahani aliyotumia Hennie aliiacha nje juu ya ukuta wa ua, ikanyeshewa huko mpaka Dona Lurdes alipoichukua.

Basi Jumamosi ile tulikwenda Newtown, mimi na Dido, katika ukumbi mdogo juu ya maduka. Hennie alitupokea akiegemea fimbo, amevaa koti zuri la sufu, akamkumbatia Dido kwa nguvu upande ule ule wa bega, na Dido akauma meno, akacheka. Kulikuwa na makocha vijana na kompyuta zao, kulikuwa na boerewors, zile soseji za Kiburu, na pap, ugali wa huku, mezani, na baada ya hotuba taa zikazimwa, mechi yetu ikatokea ukutani, imefifia, nyasi zake za manjano zimekuwa karibu nyeupe. Hennie aliisimamisha kila mahali, akionyesha kwa fimbo. "Tazameni huyu wa mwisho wa mstari. Hajazuiwa na mtu." Kisha mpira ukaanza, na nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Yule mwanafunzi wa juu ya kontena alikuwa ameambiwa aufuate mpira, naye aliufuata. Kila shambulio nilikuwa mimi, katikati ya picha, ninakimbia peke yangu kama mwizi aliyeachiwa mlango. Dido alisogea kushoto, Bongani nyuma yake, na kabla hajafikiwa kamera ilikuwa imekwisha kumwacha. Hakuna kishindo hata kimoja ukutani pale. Hakuna mtu anayepigwa katika mechi ile yote. Vijana walinipigia makofi. Mmoja akauliza, na kwotabeki je? "Kazi yake imeishia hapo," Hennie akasema kwa ucheshi. "Ilikuwa lazima adui aamini."

Nilimtazama Dido, tayari kuondoka naye, tayari hata kugombana na mzee wa fimbo mbele za watu. Dido alikuwa amekwisha kuinuka. Alikwenda mpaka ukutani, mwanga ukamwangukia shati, akamwomba kijana wa kompyuta arudishe nyuma kidogo. Tena kidogo. Hapo, asimamishe. Picha ilikuwa yangu, ninageuka na mpira tumboni. Lakini ukingoni kabisa, kushoto, helmeti imekwisha kutoka nje ya picha, kifua kimekwisha kutoka, kulikuwa na mguu mmoja uliobaki nyuma, na kwenye kiatu kamba nyekundu. Dido aliweka kidole cha mkono wa kushoto juu yake. "Yaya, kuya uone," akasema. Nikaenda nikasimama naye. Hennie alikuwa akisema jambo nyuma yetu, na kijana akauliza kama anaweza kuendelea. Dido akamwambia angoje kwanza.

"Mama angenijua," akasema, na hakuondoa kidole.